Upanga wa ukoo umeota kutu, fundi anataka kuupiga grinda na kuuchovya kromu. Nikubali?

#1 MwanaBweni
Wakuu, habari za leo.

Kwetu ni Pangani, ng'ambo ya mto, Bweni. Katika kugawana vitu vya marehemu bibi umetoka upanga uliokuwa umeviringishwa kwenye kiroba juu ya kabati. Wazee wanasema ulikuwa wa babu yake bibi, aliyepigana na Wajerumani pamoja na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani ulioanza 1888.

Umenyooka, una makali pande zote mbili, unakaribia mita moja. Mpini ni mti uliovalishwa ngozi, una mabaki ya waya wa fedha, na hauna kinga ya mkono hata kidogo. Kwenye kichwa cha mpini kuna tundu. Kwenye bapa, karibu na mpini, kuna mifereji mitatu na alama mbili za nusu mwezi zilizopeana migongo, zenye meno meno. Ncha imeota kutu nyekundu, katikati kuna doa jeusi lenye urefu wa kiganja. Ala imepasuka, ngozi yake ukiigusa inatoa vumbi jekundu.

Fundi mmoja wa hapa mjini kasema nimpe aupige grinda kisha auchovye kromu, utang'aa kama wa sinema. Baba mkubwa amekubali, mimi roho inasita. Mwenye uzoefu aniambie cha kufanya, na kama kuna anayejua umri wake na ulikotoka pia aseme.

#2 ChaiKavu
Kila ukoo kuanzia Tanga hadi Kilwa una upanga wa Abushiri. Nimeanza kuamini huyu mzee alikuwa na duka la panga.

#3 FundiTupa
Mkuu, mimi ni mfua vyuma wa mtaa wa Gerezani, Dar, riziki yangu ni grinda. Na mimi nakwambia usimpe.

Grinda inachemsha chuma pale inapogusa. Chuma kilichokomazwa vizuri kikifika kama nyuzi 200 kinaanza kugeuka rangi ya majani makavu, kikifika karibu 300 kinakuwa buluu. Ukiona buluu kwenye makali, ujue ugumu wa pale umeshaondoka, na haurudi mpaka upanga wote urudishwe motoni. Nani atakubali kuurudisha motoni upanga wa ukoo?

Kromu nayo inafunika kutu iliyobaki kwenye vishimo. Huko chini inaendelea kula, baada ya muda kromu inabanduka kwa magamba. Tumia msasa wa maji, anza namba 400, nenda 800, malizia 1200, kwa mkono, taratibu. Utapendeza.

#4 Bint_Shangani
Nampongeza FundiTupa kwa mambo mawili ya mwanzo, ila hilo la msasa naomba mleta mada alisahau kabisa.

Nimefanya kazi kwenye stoo ya vitu vya kale hapa Unguja. Msasa hauchagui. Unaondoa kutu, na pamoja nayo unaondoa ngozi ya juu ya chuma, ambako ndiko kunakokaa kila kitu unachotaka kukijua: alama, mikwaruzo ya kunolewa, maandishi kama yapo. Hizo nusu mwezi zako ni za kugongwa kwa muhuri, kina chake ni chembamba mno. Namba 400 pale ni uharibifu.

Fanya hivi. Kwanza piga picha kila upande, mchana, karibu na dirisha, ukiweka rula pembeni. Kisha paka mafuta ya cherehani kwenye kutu nyekundu, acha ilowe. Chukua kijiti cha mwanzi uliochongoa, au kipande cha shaba. Shaba ni laini kuliko chuma, itaparua kutu bila kukwaruza bapa. Parua, futa kwa kitambaa cha pamba, paka tena, rudia. Kutu nyekundu ya ungaunga ndiyo hai, hiyo iondoke. Ile nyeusi ngumu imetulia na inalinda chuma kilicho chini yake. Iache.

Na usiurudishe upanga ndani ya ala! Ngozi inavuta unyevu wa bahari na ina tindikali yake.

#5 FundiTupa
Dada, kijiti cha mwanzi? Atamaliza Ramadhani ijayo.

#6 Bint_Shangani
Akimaliza Ramadhani ijayo atakuwa na upanga. Akikusikiliza wewe atamaliza Ijumaa, na atakuwa na bamba linalong'aa.

#7 ChaiKavu
Kula chuma hicho fundi 😂

#8 MwalimuKemia
Naona hakuna aliyetaja ndimu na siki ingawa wengi wanawaza hivyo, kwa hiyo nisemee mapema. Tindikali hizo zinatoa kutu, ndiyo, lakini zinakula na chuma chenyewe. Ukilaza upanga kwenye siki usiku kucha utaamka na bapa la kijivu lililofifia, na alama zimelainika. Ukwaju na majivu tunavyosugulia vichwa vya misumari ya milango ni kwa ajili ya shaba, siyo chuma.

Sasa kuhusu doa jeusi. Ngozi za zamani pwani zilikuwa zikilainishwa kwa magome ya mikoko, yana tanini nyingi mno. Tanini ikikutana na chuma palipo na unyevu inatoa rangi nyeusi ya samawati. Wino wa zamani ulitengenezwa kwa kanuni hiyohiyo. Dau langu: ala ililowa sehemu moja, labda paa lilivuja, na pale ngozi ilipogusa bapa ndipo palipopata doa.

#9 KarafuuYaWete
Yakhe nyote mmesahau dawa iko kwetu Pemba. Wajapani panga zao za samurai wanazipaka mafuta ya karafuu miaka mamia. Nunua chupa, paka, maliza kesi.

#10 MwalimuKemia
@KarafuuYaWete nusu kweli. Wajapani wanatumia mafuta yanayoitwa choji, na choji ni karafuu. Lakini yanayouzwa leo, sehemu kubwa ni mafuta mepesi ya madini, karafuu ni kidogo tu, ya kutia harufu. Mafuta ya karafuu matupu yanalainisha vanishi na plastiki, na ngozi na gundi ya mpini sitapenda ziyaguse. Bakini na cherehani.

#11 KarafuuYaWete
Sawa mwalimu, ila harufu nzuri nayo ni haki ya upanga.

#12 AmuYetu
Salamu kutoka Lamu. Babu zetu walipaka mafuta ya nazi na panga zao zilidumu. Hizi kemia zimekuja juzi.

#13 Bint_Shangani
Bwana Amu, babu zenu walikuwa wakizitoa kila sikukuu, wakizifuta na kupaka upya. Mafuta ya nazi yakiachwa kwenye kabati yanachacha, yananata, yanashika vumbi, na palipo na shaba yanaacha ukijani. Kwa upanga unaotoka kila mwezi sina neno. Kwa huu uliolala kwenye kiroba, hapana. Akishamaliza kutu apake tabaka jembamba la nta, ile nyeupe inayotumiwa na makumbusho ikipatikana. Asipoipata, mafuta ya cherehani na kukagua mara kwa mara yanatosha.

#14 WaRuwi
Nawasalimu kutoka Muscat. Mimi mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja, niko huku tangu utotoni.

Mleta mada, kwa maelezo yako huo ni upanga wa Kiomani wa mtindo wa pwani: mpini mrefu wa mviringo unaopanuka kichwani, bila kinga ya mkono. Tundu la kichwani ni la kamba, unaivaa mkononi usiuangushe. Waungwana waliuvaa begani kama sehemu ya mavazi, pamoja na jambia kiunoni, na kingao kidogo cha ngozi ya faru au kiboko.

Kwanza jua kama ni wa vita au wa razha. Mnajua razha, wanaume wanacheza na panga, wanazirusha juu na kuzidaka, na bapa linatikiswa mpaka linalia. Panga za razha za karne iliyopita ni nyembamba, zinapinda kama bati. Ushike mpini, tikisa kidogo. Bapa likitetemeka lote mpaka chini, ni wa kuchezea. Likiwa gumu nusu ya kwanza na kulegea kuelekea ncha, ni wa zamani zaidi. Usitikise kwa nguvu kabla hujajua mpini unashika vipi.

Jambo la pili: usichanganye umri wa bapa na umri wa mpini. Huku bapa moja linaweza kuvishwa mipini vizazi na vizazi.

#15 Kumbukumbu_Moto
Naongezea kwa WaRuwi. Mabapa mengi ya panga hizi hayakufuliwa Oman wala Zanzibar. Yaliletwa kwa meli kutoka Ulaya, hasa Solingen, Ujerumani, mji uliokuwa ukiuza mabapa dunia nzima, halafu mafundi wa huku wakayatia mipini na ala. Mifereji mitatu na nusu mwezi zenye meno ni dalili ya bapa la Kizungu. Kwa hiyo mzee alimpiga Mjerumani kwa chuma cha Mjerumani.

#16 WaRuwi
Hapo taratibu. Hizo nusu mwezi asili yake inahusishwa na Genoa, Italia. Zikapata sifa, kila mtu akaziiga: Solingen walizigonga, wahunzi wa Kaukasi walizigonga, wa Sudan na Sahara nao hivyohivyo. Alama ilikuwa namna ya kusema "chuma hiki kizuri". Haimwambii mtu kilifuliwa wapi.

#17 Nyundo_wa_Lugalo
Mmemsahau Sudan na jibu liko hapo. Wissmann, ofisa wa Kijerumani, alipoletwa kuvunja vita vya Abushiri mwaka 1889 alikuja na askari Wasudani aliowaandikisha Misri. Waliingia Pangani Julai mwaka huohuo. Panga za Sudan, kaskara, zina bapa lilelile: limenyooka, makali mawili, mifereji, nusu mwezi. Tofauti yake ni kinga ya mkono yenye umbo la msalaba. Mimi nasema upanga huu ulitoka kwa askari wa Kisudani, ukaachwa Pangani, fundi wa hapo akautoa msalaba akautia mpini wa kiungwana. Yaani babu yenu aliuteka, au aliununua.

#18 ChaiKavu
Sasa babu kageuka kutoka shujaa kuwa mteja wa mitumba. Uzi huu una hatari.

#19 Kumbukumbu_Moto
@Nyundo_wa_Lugalo wale askari walipewa bunduki za Kijerumani. Sijui kwa nini wabebe na kaskara kutoka Cairo. Na kaskara iliyovuliwa msalaba huwa inaacha kivuli kwenye shingo ya bapa, mstari ambapo chuma kimefunikwa miaka mingi. Mleta mada atazame pale chini ya mpini.

#20 Nyundo_wa_Lugalo
Mwanajeshi kubeba upanga wa baba yake mbona kawaida. Kivuli atazame, sikatai.

#21 Mjukuu_wa_Saadani
Tukiwa kwenye historia, kuna mtu kwenye uzi mwingine aliandika Abushiri alinyongwa Bagamoyo 1890. Si kweli. Alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Aliyeendelea hadi 1890 ni Bwana Heri wa Saadani, na yeye hakunyongwa, walipatana. Na Zelewski, Mjerumani aliyeanzisha fujo yote Pangani 1888, watu walimwita Nyundo, ndiye aliyeuawa na Wahehe Lugalo 1891. Naona jina lako @Nyundo_wa_Lugalo limetoka huko.

#22 Nyundo_wa_Lugalo
Umenidaka. Mimi ni Mhehe, najivunia nyundo iliyovunjika.

#23 Sime_Nyekundu
Mimi wa huku Monduli nawashangaa. Mnakusanya ushahidi kama polisi, upanga unalala na kutu.

Sime ya Kimaasai haina stoo. Inapakwa mafuta ya mnyama, inanolewa kwenye jiwe, inakata. Ala ikichakaa inashonwa nyingine, ya mbuzi, inapakwa nyekundu. Mpini ukilegea unaviringwa ngozi mbichi, ikikauka inabana kuliko misumari. Nyingi za leo zimefuliwa kwa springi za Land Rover na tupa zilizokwisha, na hakuna anayelia kwamba siyo chuma cha asili. Sime ya babu yangu imebadilishwa kila kitu isipokuwa bapa, na bapa lenyewe limenolewa mpaka limepungua upana. Ni ya babu bado.

Mleta mada asugue, anoe, ashone ala mpya, autumie.

#24 Bint_Shangani
Sime_Nyekundu nakuheshimu, na kwa sime uko sahihi, ni chombo cha kazi na kinaishi kwa kutumika. Upanga huu haukati tena kitu. Kazi yake iliyobaki ni kusema ulikotoka, na hiyo inafanywa na zile alama na uchafu unaotaka kuusugua.

#25 Sime_Nyekundu
Haukati kwa sababu mmeukataza 😄

#26 Karo_ya_Mwembe
Naomba kuuliza, hiyo mifereji mitatu si ndiyo ya kupitishia damu ili upanga usinase mwilini? Babu alituambia hivyo.

#27 FundiTupa
Hapana mkuu, hiyo ni hadithi ya vijiweni. Mfereji unapunguza uzito bila kupunguza uimara. Angalia nondo za reli au boriti ya chuma ya jengo, katikati ni pembamba, pembeni pananenepa. Upanga wa urefu huo bila mifereji ungekuchosha mkono kabla hujafika kwa adui.

#28 MamaKitumbua
Mmezungumza kutu, mmezungumza Ujerumani. Mimi nauliza doa jeusi. Upanga ukishamwaga damu ya mtu, usipofutwa kwa dua una mwenyewe. Bibi aliufunga kwenye kiroba kwa sababu. Msiufungue hovyo, soma kwanza.

#29 ChaiKavu
Nilikuwa nasubiri jini aingie kwenye uzi, kachelewa sana leo.

#30 MamaKitumbua
Cheka tu. Usiku utanikumbuka.

#31 FundiTupa
Doa jeusi mimi naona moto. Nyumba nyingi za makuti ziliungua. Chuma kikipitiwa na moto kisha kikapoa polepole kinaota gamba jeusi gumu. Apitishe tupa ndogo pale: pakiteleza ni pagumu, pakishika ni palaini, na pakiwa palaini kuliko kwingine basi moto ulipita. Au tugonge grinda kidogo kwenye mkia uliofichwa ndani ya mpini, tutazame cheche, zikipasuka nyotanyota chuma kina kaboni ya kutosha.

#32 Bint_Shangani
Fundi, umeanza uzi ukikataza grinda.

#33 FundiTupa
Kidogo tu dada, mahali pasipoonekana!

#34 Sultani_wa_Buguruni
Ulifukiwa. Wajerumani waliponyang'anya silaha watu walifukia mashambani. Unyevu wa udongo ndio umeleta weusi.

#35 MwalimuKemia
Ungefukiwa karibu na bahari ungeliwa vishimo virefu, tena kote, na chumvi ingebaki ndani ikitoa kutu mpya kila masika hata baada ya kusafisha. Yeye anasema doa ni refu kama kiganja, sehemu moja. Bado nashika ngozi na mikoko.

#36 Sultani_wa_Buguruni
Unaweza kufukiwa ndani ya mtungi wa mafuta.

#37 Wakili_wa_Kitaa
Wakuu, mtu asije akashauri kuuza kabla sijasema hili. Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kuwa cha kale. Na vilivyotengenezwa nchini baada ya hapo kwa matumizi ya kijamii na kiutamaduni navyo vimetajwa. Kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Milango ya kuchonga ya kabla ya 1940 imo pia, kwa wale wanaong'oa milango ya bibi zao.

Kubwa zaidi, mpini. Mleta mada anasema mti na ngozi, salama. Ungekuwa wa pembe ya faru au ya ndovu hata kuusafirisha kwenda kwa WaRuwi kuutazama ni balaa. Biashara ya kimataifa ya pembe ya faru imefungwa tangu 1977.

#38 PwaniKenya_001
Huku kwetu sheria ya 2006 inataja 1895, na inahusu hata kilichoingizwa Kenya kabla ya mwaka huo. Kwa hiyo upanga uleule ukivuka mpaka wa Horohoro unabadilika umri kisheria.

#39 Jahazi_Mtepe
Sisi Tanga mjini tuna wetu, ala yake imetiwa riale ya Maria Theresa, imeandikwa 1780. Kwa hiyo wetu ni wa 1780, una miaka zaidi ya 200. Mleta mada kama wako hauna riale ni wa juzi.

#40 WaRuwi
Ndugu, riale ile iligongwa kwa tarehe ya 1780 miaka yote. Malkia Maria Theresa wa Austria alifariki mwaka huo na sarafu ikaendelea kutolewa na tarehe ileile mpaka karne ya 20. Masonara wa Oman waliyeyusha riale hizo kwa maelfu kupata fedha ya majambia. Inakwambia tu kwamba riale hiyo haikutiwa kwenye ala yako kabla ya 1780.

#41 Jahazi_Mtepe
Duh. Nimeshawaambia watoto shuleni.

#42 MwanaBweni
Wakuu nimerudi, asanteni wote. Baba mkubwa nimemsomea uzi, amecheka sana kwa ChaiKavu, fundi wa kromu tumemwambia asubiri.

Nimefanya alivyosema Bint_Shangani, mafuta ya cherehani na kijiti. Kutu ya ncha inatoka kidogo kidogo, chini yake kuna vishimo vichache. Nilipofuta upande wa pili wa bapa, palipokuwa na uchafu tu, yametokea maandishi ya Kiarabu, membamba, kama yamekwaruzwa kwa sindano. Ustadhi wa msikitini kayasoma: nasrun minallahi wa fat'hun qarib, yaani nusura itokayo kwa Mungu na ushindi ulio karibu. Chini kuna neno jingine, labda jina, halisomeki.

Nimeutikisa taratibu kama alivyosema WaRuwi. Nusu ya juu ni ngumu, ncha inacheza. Kwenye shingo ya bapa kuna mstari hafifu, ila sijui kama ni kivuli cha msalaba au ni ukingo wa ngozi ya mpini. Nimepima bapa: sentimita 84.

#43 Nyundo_wa_Lugalo
MSTARI! Mmeona? Sudan hiyo.

#44 Kumbukumbu_Moto
Ngozi ya mpini nayo inaacha mstari. Msalaba unaacha mstari ulionyooka kabisa, tena na ulimi ulioshuka katikati ya bapa. Wa ngozi unafuata mzunguko wa mpini. Piga picha kwa taa ya pembeni.

#45 WaRuwi
Aya hiyo ya sura ya 61 ya Qurani ni ya kawaida sana kwenye panga, kuanzia Sudan mpaka India. Maandishi ya kukwaruzwa kwa sindano yanaongezwa na mwenye upanga wakati wowote, hata miaka 50 baada ya bapa kufuliwa. Hilo neno la chini ndilo la thamani. Likiwa jina la mtu, tafuteni kwenye shajara ya ukoo au hati za shamba.

Na sasa kuna adabu yake. Uufute kwa kitambaa safi, usiuweke sakafuni, uutundike mahali pa heshima.

#46 MamaKitumbua
Nilisema somo litahitajika. Aya ilikuwa imeshaandikwa humohumo, ndiyo maana bibi alilala salama.

#47 AmuYetu
Mama hapo umetushinda.

#48 FundiTupa
Nakiri msasa ungeyafuta hayo maandishi. Kwenye ala bado nina neno. Ukuta wa mti umepasuka, utatumia gundi gani?

#49 Bint_Shangani
Si epoksi, haitoki tena. Gundi ya samaki au ya ngozi, ile ya kuchemsha, inalowekwa ikatoka siku mtu akitaka kurekebisha upya. Ngozi inayotoa vumbi jekundu imekufa, usiipake mafuta, itakuwa uji. Ifunge kwa kitambaa cha pamba ibaki hivyo, uweke na vile vipakiti vinavyokuja kwenye viatu vipya vya kunyonya unyevu. Kama familia inataka ala ya kuonyesha, shoneni mpya kando, ya zamani ihifadhiwe. Misumari ya mpini isiguswe hata ikilegea.

#50 Sime_Nyekundu
Ala mpya nitashona mimi. Nitumieni vipimo, mbuzi yupo.

#51 MwanaBweni
Sime_Nyekundu nakuja PM. Baba mkubwa anasema isipakwe nyekundu, watu wa Bweni watasema tumeoa Umaasaini.

#52 Sime_Nyekundu
Mtaoa tu.

#53 Mjukuu_wa_Saadani
Hilo neno la chini ya aya weka picha hapa, wapo wanaosoma maandishi ya kale ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Inawezekana si jina. Watu waliandika hata deni.

#54 Jahazi_Mtepe
Na mimi yangu ina ufa kwenye mpini wa jambia, karibu na ile fedha yenye weusi kwenye nakshi. Huo weusi nisugue?

#55 Bint_Shangani
USISUGUE. Huo weusi sonara aliutia makusudi kwenye nakshi. Fungua uzi wako, piga picha mbele na nyuma, tutakuja.